Cherehani Iliyokaa Roshani

Wifi yangu ni mwoga. Simsengenyi, mwenyewe anajua na mtaa mzima unajua. Anaogopa radi, anaogopa mtungi wa gesi, anaogopa mbwa hata akiwa amefungwa mnyororo, na mjusi akipita ukutani utadhani tumeingiliwa na majambazi. Ukishuka ngazi atakwambia jihadhari. Ukipiga pasi, jihadhari. Ukifungua soda, jihadhari isikurukie machoni. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyembatiza jina la Jihadhari, kama lile neno linaloandikwa kwenye nguzo za umeme chini ya fuvu la kichwa. Jina likamganda. Hata wateja wake wakifika getini humuuliza mlinzi, "Jihadhari yupo?"

Kazi yake ni kushona sare za shule. Cherehani yake ni ile nzito ya kukanyaga, miguu ya chuma, meza ya mbao, na kidroo cha pembeni cha kuwekea vifungo. Aliinunua akiwa msichana na alikuwa akiipaka mafuta kila Jumamosi kama mtoto mchanga. Anaishi ghorofa ya juu kabisa na mama yao, yaani mama mkwe wangu. Sisi tuko ghorofa mbili chini yao, kwa hiyo kelele zake zote huanza kunifikia mimi.

Jengo letu ni la ushirika. Kila familia ina vyumba vyake ilivyonunua, lakini paa, ngazi, pampu ya maji, kuta za nje na zile roshani za ghorofa ya juu ni mali yetu sote. Bahari iko ng'ambo ya barabara. Ukiwa kwetu huioni, maghala yameiziba, ila utaijua kwa vyuma. Kufuli unainunua leo, ukizubaa inagoma kufunguka. Bawaba zinalia. Dirisha la chuma linatoa machozi ya kahawia ukutani. Tumeshazoea, tunafuta na kupaka rangi, maisha yanaendelea.

Sasa roshani ya kwa Jihadhari ndiyo ilikuwa dunia nzima ya mama. Magoti yake yalishakataa ngazi na kifua chake kinataka upepo. Basi asubuhi akishakunywa chai anatoa kiti chake, anakaa pale na chungwa lake na kisu kidogo, anamenya taratibu huku akiwasimamia watu wa chini kana kwamba amewaajiri. "Wewe mlinzi, umelala au unafikiri?" "Wewe mama wa mboga, leo mbona umechelewa?" Watu walikuwa wanampenda. Ukipita getini usisikie sauti yake, unauliza kama anaumwa.

Jihadhari alikuwa anamtazama mama yake pale akiwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Alikuwa ameona ufa. Palepale sakafu ya roshani inaposhikana na ukuta wa nyumba, ufa ulianzia kona moja ukaenda mpaka kona ya pili. Kila mwaka fundi rangi anauziba, kila mwaka unarudi, na unaporudi unakuja na maji ya kutu.

"Wifi, naogopa ile roshani," aliniambia.

"Kuna kitu usichokiogopa?" nikamjibu. Nilikuwa nakaanga vitumbua, sikuwa na muda.

"Hivyo vingine naogopa tu. Hii naiogopa kweli."

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo kwa adabu, akapanda zake juu.

Mwenyekiti wetu wa wenye nyumba ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua mkate. Siku moja akaitisha kikao uani akasema wakati umefika wa kumleta mtaalamu wa tathmini. Mtaalamu huyo ataangalia vyote tunavyomiliki kwa pamoja, atasema kila kimoja kimebakiza miaka mingapi, ili tujue akiba yetu tuanze kuielekeza wapi kabla vitu havijatuharibikia mikononi. Jambo la maana, nani akatae? Tukapiga makofi.

Lakini sisi nasi tuna ugonjwa wetu. Tukisikia mgeni anakuja, akili zinatutoka. Mwenyekiti akatangaza kwamba nyumba ioge. Mafundi wakaletwa, kuta zikasuguliwa, rangi mpya juu mpaka chini, mapazia yakafuliwa, hata mlinzi akapewa shati. Tumemwita daktari aje atuangalie ugonjwa, na sisi tunajipaka poda tuonekane wazima! Na hakuna aliyeona kichekesho hicho, mimi mwenyewe nilikuwa nasugua ngazi kwa magoti.

Fundi alipofika kwenye roshani ya Jihadhari na ndoo yake ya lipu, wifi alimshika mkono. "Fundi, huu uache. Mgeni auone."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yao. "Auone? Usipoziba ufa utajenga ukuta! Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, mwalimu, lakini—"

"Ziba, fundi."

Ufa ukazibwa, rangi ya maziwa ikapita juu yake, ukawa kama haujawahi kuwepo. Jihadhari akarudi ndani. Ndivyo alivyo, mtu akipandisha sauti yeye yake inaingia tumboni.

Mtaalamu akaja. Kijana wa makamo, mpole, miwani, viatu vilivyong'arishwa. Alitoka bara, kule kwenye baridi na upepo mkavu, na mwenyewe alituambia amefanya kazi hiyo kule miaka yake yote. Akazunguka jengo akigusa hiki na kile. "Pampu, miaka minane. Paa, miaka kumi na miwili. Geti, miaka kumi." Kabla hajamaliza ngazi watoto walishampa jina, Bwana Miaka, wakawa wanamfuata wakimuuliza viatu vyao vimebakiza mingapi.

Alipofika kwa mama, akamkuta kwenye kiti chake roshani. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Na mimi, Bwana Miaka, nimebakiza mingapi?"

"Wewe mama hata hujaanza kutumika," akajibu.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Siku ile alimpenda yule kijana, akamkatia nusu ya chungwa lake.

Bwana Miaka akapitisha mkono kwenye ukuta wa roshani, akasifia rangi. "Mnapaka mara ngapi?"

"Kila mwaka!" Mwenyekiti akavimba kifua. "Hatukosi."

"Safi sana. Kule kwetu watu wanakaa miaka saba bila kupaka. Nyumba inayopakwa kila mwaka ni nyumba inayotunzwa." Akaandika. "Roshani, miaka thelathini."

Nilimwona Jihadhari akishika fremu ya mlango. Thelathini! Maana yake akiba isingeguswa kwa ajili ya roshani mpaka wajukuu zetu waote mvi.

Kwenye kikao cha kujadili taarifa ile, wifi alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani. Alinyanyua mkono mbele za watu. Akasimama. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naona visigino vinatetemeka ndani ya ndala.

"Naomba... ile roshani..." akasema. "Mimi naona... pale pana..."

Tukasubiri. Mwenyekiti akatabasamu, lile tabasamu la walimu. "Jihadhari, leo tunajadili nyumba, hatujadili ndoto."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kumtania wifi yangu ni haki yangu mimi na kaka yake, si haki ya kila mwenye tai. Nilisimama nikamwambia Mwenyekiti maneno ambayo sitayarudia hapa, mume wangu akanivuta nguo nikakaa. Mikono ikanyanyuliwa, taarifa ikapita, ikabaki Bwana Miaka aende akaiandike vizuri airudishe itiwe sahihi.

Kesho yake nikasikia kitu kinaburutwa juu, gruu, gruu. Nikapanda mbio. Nikamkuta Jihadhari, jasho linamtoka, anaisukuma cherehani yake kuelekea roshani. Kiti cha mama alishakiingiza ndani. Kitasa cha mlango wa roshani kilikuwa kimeliwa na kutu zamani, mlango haufungiki, na mama haambiliki. Basi ameona aijaze ile nafasi. Roshani yenyewe nyembamba, cherehani ikikaa pale hakuna pa kuweka kiti.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Unaogopa isianguke, halafu unaitwisha chuma?"

Akanyooka akanitazama. Macho yalikuwa mekundu. "Ikianguka na cherehani nitalia, wifi. Ikianguka na mama nitalia na nini?"

"Si ungeweka kabati!"

"Kabati atalisukuma. Cherehani yangu hawezi kuigusa, anajua ndiyo mkono wangu wa kulia."

Akaifunika kwa nailoni mara mbili na kuifunga kamba ili mvua isiiguse, hata mafuta ya Jumamosi akayasitisha asikanyage tena pale. Kisha akashuka uani, akafunga vipande vya kitambaa cha sare kutoka mti hadi mti, gari lisiegeshwe chini ya roshani wala mtoto asipite. Mlinzi alimcheka mpaka akakaa chini.

Mama hakucheka. Mama alikasirika vibaya sana. "Umeniweka kifungoni," alimwambia, na baada ya hapo akaacha kuzungumza naye. Chakula alikula, salamu hakujibu. Kulala chumba kimoja na mama yako amekununia, jamani, ni adhabu. Jihadhari alikonda. Asubuhi alikwenda kushonea kwa shoga yake mwenye duka la nguo, anaazima cherehani, mchana anarudi. Kila akirudi, kabla hajavua viatu, anachungulia uani kwanza kuona kama vile vitambaa bado vimesimama, halafu anapanda ngazi huku amejishika kifua. Mimi mwenyewe nikaanza kuambukizwa. Nikiwa jikoni kikidondoka kitu huko nje, moyo unanidunda.

Nilijaribu kumsemesha mama. "Mama, mwanao anakupenda."

"Ananipenda kama kuku anavyopendwa. Kwenye tenga."

Upepo wa bahari ulivuma kipindi chote kile, ule wa unyevunyevu unaokuacha midomo ina chumvi. Shule zikakaribia kufunguliwa na duka la shoga yake likajaa kazi, hapakuwa tena na cherehani ya kuazima. Jihadhari akaamua aiingize yake ndani kwa siku chache, amalize sare, atakesha anamlinda mama mwenyewe.

Nilisikia ukelele. Ukelele wa mjusi ninaujua. Huu haukuwa wa mjusi. Nilipanda zile ngazi sijui nilipandaje, kanga mkononi, nikijua kabisa roshani imeondoka na mtu.

Haikuwa imeanguka. Jihadhari alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, nailoni pembeni, anashindana na gurudumu la cherehani yake. Halikuzunguka. Lilikuwa jekundu. Miguu ilikuwa imevimba magamba, sindano imeota vipele, na ule mkono mweusi wa juu wa cherehani, wenye maua ya dhahabu, aliokuwa akiusugua kila Jumamosi, ukiugusa unabaki na unga wa kahawia vidoleni. Ndani ya kidroo mlikuwa na maganda ya machungwa yaliyokauka. Nikafikiri ameyaweka yeye kufukuza wadudu, sikuuliza, hapakuwa mahali pa kuuliza maganda.

"Mvua haikuigusa," alikuwa anasema. "Wifi, nimeifunga mwenyewe. Mvua haikuigusa hata tone."

Nilimwacha alie. Nililia naye kidogo pia, maana ile ilikuwa riziki. Kisha akanyamaza ghafla. Akatazama vidole vyake vyenye kutu. Akatazama ule ukuta mweupe wa roshani. Nikaona uso wake unabadilika rangi.

"Ndani imekaa tangu nikiwa msichana haijapata hata doa," akasema polepole. "Nje imekaa tangu Bwana Miaka aondoke. Wifi, hiyo roshani ina vyuma ndani yake?"

"Nondo? Inazo. Zege lote lina nondo."

"Nazo ziko nje tangu nyumba ijengwe."

Ninyi mlioko mbali na bahari mnaweza msielewe, lakini mimi nilielewa palepale.

Siku hiyohiyo Bwana Miaka alikuwa uani, amerudi na taarifa yake ya kutiwa sahihi. Viti vimepangwa, Mwenyekiti ameshika kalamu. Jihadhari akasema, "Wifi, shika upande huo." Tukaishusha cherehani ghorofa zote, mimi nikitukana kila kona ya ngazi, yeye akisema jihadhari, jihadhari. Tukaitua mbele ya meza yao.

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akafungua kinywa. Nikamwambia, "Thubutu."

Jihadhari hakuweza kusema. Nilimwona anajaribu, midomo inacheza, sauti haipo. Basi akamshika yule mgeni mkono, mwanamume asiyemjua, akauweka kwenye gurudumu. Akamwashiria azungushe. Bwana Miaka akajaribu. Gurudumu likagoma.

"Ilizama baharini?" akauliza.

"Roshani," sauti ikamtoka hatimaye, nyembamba kama ya mtoto. "Ilikaa roshani. Tangu ulipoondoka."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye nailoni. Huo ni upepo tu, baba."

Yule kijana akatazama vidole vyake. Akakigusisha kimoja kwenye ulimi, nikaona mshtuko ukimpita usoni. "Chumvi," akasema. Halafu akamgeukia Mwenyekiti, na hakuwa na ukali, alikuwa na woga. "Mzee wangu, mnapaka rangi kila mwaka. Kwa nini?"

"Usafi," Mwenyekiti akajibu, lakini kifua hakikuvimba.

"Kwa sababu kutu inarudi," Jihadhari akasema.

Bwana Miaka akaichukua taarifa yake mezani, akaikunja. "Mimi niliandika mnatunza," akasema. "Nilipiga hesabu za kwetu. Kule chuma hakina adui." Akapanda juu. Hakukanyaga roshani. Alisimama mlangoni, akaegemea nje, akagonga sakafu na nyundo ndogo palepale palipopakwa lipu. Ililia kama mtungi mtupu. Jasho lilimtoka, na hakukuwa na jua. Akaagiza roshani zote zifungwe kwa mbao saa ileile, mtu asitoe hata kichwa.

Mafundi wa kubomoa walikuja kesho yake. Uani hapakuachwa hata baiskeli. Tulisimama ng'ambo ya geti wote, Mwenyekiti bila tai, mara ya kwanza kumwona shingo. Mama alikataa kushuka, alikuwa kitandani kwake chumba cha nyuma, kwa hiyo mimi na wifi tukapanda kukaa naye. Fundi mmoja alijifunga kamba kiunoni, akapiga nyundo pigo la kwanza kwenye ule ufa. Lipu ikadondoka. Akapiga la pili. Sikusikia la tatu. Nilisikia nyumba inaguna, sakafu ikatikisika miguuni petu, halafu mshindo chini, halafu vumbi likaingia mpaka chumbani. Watu nje walipiga kelele.

Nilikwenda kuchungulia mlangoni. Hapakuwa na roshani. Palikuwa na anga tu na fundi ananing'inia kwenye kamba akimtaja Mungu, na kutoka ukutani zimechomoza nondo nyembamba kama njiti, nyingine hazikuwa chuma tena, zilikuwa unga.

Nikarudi chumbani. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka kumwambia wifi hivyo, nimtanie kidogo tupumue. Lakini mama alikuwa ameanza kuzungumza, na alikuwa anamwambia yeye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kiti.

"Imeanguka yote?"

"Yote, mama."

"Hata pale ilipokuwa cherehani?"

"Hata pale."

Mama akanyoosha mkono akamshika mwanawe kidole kimoja, kama mtoto anavyomshika mtu mzima. "Meza yake pana," akasema. "Ukishaondoka asubuhi nilikuwa napita pembeni, nakaa juu yake. Namenya chungwa langu. Maganda nayapenyeza chini ya nailoni, naficha kidrooni usije ukajua."

Wifi yangu, anayepigia mjusi mayowe, hakupiga mayowe. Aliteremka tu taratibu mpaka akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kile kidole bado kimeshikwa.

"Kila siku, mama?"

"Jumapili hapana," mama akasema. "Jumapili ulikuwa unashinda nyumbani."